Sura ya Sita: Faili Lililokatika Njiani

Mpimaji wa damu ambaye mji mzima ulimwita Matone alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Dada yake, fundi cherehani, alimletea shati safi na chupa ya uji kila asubuhi, na askari wa kaunta walikuwa wameshamzoea: haulizi kitu, halii, anakabidhi, anapokea chupa ya jana, anaondoka.

Inspekta alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza akianza kufikiri, na alikuwa amebakiwa na siku hiyo moja tu. Kesho asubuhi jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na jinsi lilivyoandikwa, Matone angefungwa.

Jalada lilisema hivi. Jumanne ya wiki iliyopita mtoto mdogo wa kiume alipelekwa kwa gari la wagonjwa kutoka hospitali ya mji huu hadi hospitali kuu, safari ya nusu siku. Damu yake ilibaki nyuma, kwa kuwa kipimo alichohitaji kilifanyika maabara ya hapa tu. Mashine ya kupimia ya kule ilikuwa mbovu. Majibu yalipaswa kumfuata jioni ileile, kutoka kompyuta ya maabara kwenda kompyuta kubwa ya hospitali kuu, kwa waya wa simu. Hayakufika. Madaktari wa kule walisubiri, wakasubiri, na homa ilipopanda wakampa dawa. Damu yake haikuwa ya kuvumilia dawa ile. Ijumaa akafariki.

Na kwenye kompyuta ya maabara, faili la Jumanne hiyo halikuwepo. Mkuu wa maabara alitamka kile ambacho kila mtu aliona ni wazi: Matone hakupima, na alipoulizwa akasingizia mashine.

"Nilipima," alisema Matone. "Nikapima mara ya pili, maana jibu lilikuwa baya. Nikayaandika mwenyewe kwenye kompyuta, nikamwachia binti ayatume."

Binti huyo alikuwa mtoto wa dada yake, yuleyule mleta uji. Ndiye aliyekuwa akituma mafaili ya maabara kila jioni, na kazi hiyo alitafutiwa na mjomba wake.

"Damu iliyobaki iko wapi?"

"Hukaa kwenye friji hadi Jumamosi, kisha inamwagwa. Jumatano ilikuwepo. Alhamisi ilikuwepo." Alimtazama Inspekta. "Mtu angeniambia tu kwamba majibu hayakufika, ningepima tena kabla chai haijapoa."

"Jumatano asubuhi hukumuuliza binti kama yalikwenda?"

Matone alitazama kucha zake. "Sikumbuki, afande."

Inspekta hakumbana. Alimuuliza friji ilikuwa na joto gani Jumatano hiyo. Nyuzi nne, akajibu, na jana yake ilikuwa tano kwa sababu mfagiaji aliacha mlango wazi. Alimuuliza ni nani aliyepimwa kabla ya yule mtoto. Mama mmoja mjamzito mwenye kilemba cha njano, aliyelalamika kwamba sindano za Matone haziumi lakini maneno yake yanauma. Matone akatabasamu alipolikumbuka hilo, halafu tabasamu likamfia mdomoni.

Inspekta alivaa viatu vyake. Mtu alikuwa anakumbuka kilemba cha mgonjwa, ila hakumbuki kama alimuuliza mpwa wake swali moja.

*

Kulikuwa na uzi mwingine ambao Inspekta alikuwa ameushika tangu jana, nao ulielekea kwa mkuu wa maabara. Daktari huyo na Matone walikuwa hawasemeshani. Miezi michache iliyopita, mbele ya wageni kutoka wizarani, Matone alisimama akasema friji imeharibika zamani na bosi anajua, ikabidi itengenezwe. Tangu siku hiyo daktari alimwita "mheshimiwa mbunge" na kumpangia zamu mbaya. Na zaidi ya hapo, ufunguo wa chumba cha kompyuta ulikuwa kwa watu watatu: Matone, binti, na daktari. Faili likipotea, anayejua kulipoteza ni mmoja wa hao.

Daktari alimpokea ofisini kwake, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofungwa vifungo vyote. Inspekta alimuuliza bila kuzunguka: Jumanne jioni alikuwa wapi?

"Ndani ya gari la wagonjwa," alijibu. "Nilikwenda na mtoto. Waulize dereva na nesi."

Inspekta alikuwa ameshawauliza asubuhi, kila mmoja peke yake, na wote walisema hivyohivyo. Alitaka tu kusikia atakavyolisema.

Daktari alivua miwani. Alieleza kwamba alimshika yule mtoto mkono njia nzima, kwa sababu mama yake alikuwa anatapika kwa sababu ya kona za barabara. Kule alimwambia daktari wa zamu kwamba majibu yanakuja jioni kwa kompyuta, wasimpe dawa kabla. Kisha akageuka na gari lilelile kurudi. Hadi hapo sauti yake ilikuwa ya kiofisi.

"Ningengoja hapa yatoke," alisema, "ningeyabeba mfukoni. Karatasi moja tu. Lakini tumeshakuwa na kompyuta, nani anabeba karatasi?"

Uzi wa daktari ukakatikia hapo. Inspekta alisimama akaomba aonyeshwe mashine inavyotuma.

Kwenye korido, nje ya chumba cha kompyuta, fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa akishona upindo wa gauni kwa mkono. Alisimama akamwamkia Inspekta, akaketi tena. Daktari aliinama akanong'ona kwamba mama huyo siku hizi huja kila mchana kumsubiri mwanawe amalize kazi, tangu wiki ile ya msiba.

"Tumepata mlinzi wa bure," alitania.

Inspekta hakucheka. Alimtazama yule mama na sindano yake. Kaka yake yuko ndani, mashine za kushona ziko dukani, naye amekuja kukaa hapa.

*

Chumba kilikuwa kidogo, chenye feni ya mezani, kompyuta moja ya zamani yenye skrini ya maandishi ya kijani, na kando yake modemu, kile kisanduku kinachoongea na waya wa simu. Binti alikuwa mwembamba, amesuka nywele mistari, na aliposema shikamoo hakumtazama mtu machoni.

"Marahaba, mwanangu. Nifundishe. Nichukulie kama mtu aliyetoka shamba jana."

Binti alifundisha vizuri. Alionekana kupata nguvu vidole vilipogusa kibodi. Alieleza kwamba hapa hakuna picha za kubofya, kila kitu ni amri inayoandikwa. Kwanza unaamuru modemu ipige simu. Ikaanza kulia, mluzi mrefu na mkwaruzo, kisha kimya. Sasa, alisema, niko kule, hospitali kuu. Chochote ninachoandika kinafanywa na mashine kubwa ya huko, si hii. Kule unaiambia mashine kubwa ikae tayari kupokea, na unaipa jina la faili. Halafu unabonyeza vitufe viwili hivi, unarudi upande wa huku, unatoa amri ya kutuma. Aliandika, na namba zikaanza kupanda kwenye kona ya skrini kadiri faili la mfano lilivyokuwa likisafiri.

"Sasa utajuaje uko kule au uko huku?" Inspekta aliuliza.

"Unakumbuka tu."

"Hakuna alama?"

"Alama ni mshale huu mdogo. Kule ni mshale, huku ni mshale."

Inspekta aliinama akautazama huo mshale, ukiwaka na kuzimika. Akauliza laini ikikatika katikati ya safari inakuwaje.

Binti alijibu harakaharaka, kama anayesoma kitu alichokikariri. Ikikatika, mashine kubwa inabaki na kipande cha faili, na kipande hicho kinazuia, kwa sababu faili jipya lenye jina lilelile halipokelewi mpaka la zamani litoke. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufagia. Unapiga simu tena, unakwenda kule, unaandika amri ya kufuta na jina la faili. Kisha unarudi huku na kutuma upya. Kila mtumaji wa kila kituo hufanya hivyo, wala haulizwi.

"Nionyeshe."

Binti alichomoa waya wa simu faili likiwa njiani, akauchomeka, akapiga tena. Mluzi, mkwaruzo, kimya. Mshale ukatokea. Lakini kabla ya amri ya kufuta aliandika amri nyingine fupi, na skrini ikajibu kwa jina la mashine kubwa. Akaandika tena amri hiyohiyo mara ya pili. Skrini ikajibu vilevile. Ndipo akafuta.

"Hizo mbili za katikati ni za nini?"

"Kuuliza niko kwenye mashine gani."

Daktari, aliyekuwa ameegemea mlango, alikunja uso. "Hiyo mpya. Mwezi uliopita ulinifundisha mimi hapahapa, haikuwepo. Ulikuwa unafuta moja kwa moja."

"Ni tahadhari tu, daktari."

"Tahadhari nzuri," alisema Inspekta, na akaomba simu ya ofisini.

*

Mtunzaji wa mashine kubwa, kule hospitali kuu, alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza aliyependa kuongea. Alimwambia Inspekta kwamba mashine yake ina kumbukumbu nzuri kuliko mke wake, na hilo si jambo dogo. Inspekta alimwacha amalize mzaha, kisha akamuuliza kama maabara ya mji huu ilipiga simu Jumanne ile jioni.

Kulikuwa na mlio wa vitufe.

"Ilipiga. Mashine ikaanza kupokea faili, laini ikakatika katikati. Wakapiga tena, safari hii wakadumu kidogo tu, laini ikaanguka yenyewe. Hawakupiga tena."

"Mara ya pili walifanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Waliingia, wakadondoka. Hakuna amri yoyote iliyonifikia."

Inspekta aliketi kwenye kona ya meza ya daktari. "Kwa hiyo kile kipande cha mara ya kwanza hakikufutwa?"

"Kipo hapa. Naliona jina lake. Ndani yake sitazami, hayo ni mambo ya wagonjwa."

"Na hakuna aliyekiona siku zote hizi?"

Mzee alieleza, sasa bila mzaha, kwamba vipande ni taka. Vituo vyenyewe hufagia vyao, na vinavyosahaulika hufagiwa mwisho wa mwezi. Wodini hawavioni, faili lisilokamilika halifunguki kwao, kwa makusudi kabisa, kwa sababu daktari akisoma nusu ya majibu anaweza kudhani ndiyo yote. Mtumaji akipiga simu ya kawaida na kusema faili limekatika na limeshindikana, basi mtu wa zamu hulifungua kwa mkono, hutazama nini kimefika, na huwaambia wodini.

"Jumanne ile kuna aliyepiga kusema?"

"Hapana, mama. Ningekumbuka."

Alimwagiza asikiguse kipande hicho wala asimtajie mtu, hata wa zamu inayofuata. Alipokata simu alibaki amekaa, viatu vimeshatoka miguuni. Mara ya pili laini ilianguka yenyewe, na hakuna amri iliyofika kule. Lakini mtumaji aliyepiga mara ya pili alipiga ili kufagia. Amri ya kufagia iliandikwa. Kama haikufika kule, ilisomwa na nani?

Alivaa viatu.

*

Jua lilikuwa limeshashuka upande wa dirisha la chumba cha kompyuta. Inspekta alimwomba daktari abaki nje, kisha akauacha mlango wazi kwa makusudi, mama wa kwenye benchi akiwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Nataka unifanyie kitu kimoja, mwanangu. Umenionyesha kutuma. Mashine kubwa nayo inaweza kurudisha faili huku?"

"Ndiyo. Kuna amri ya kuchukua."

"Basi piga simu, unichukulie faili la Jumanne ile."

Binti aligeuka. "Halikuwepo, mama. Nilishasema. Nilipofungua kompyuta jioni ile sikukuta faili. Sikutuma kitu."

"Najua ulivyosema. Nimeongea na mtunzaji wa mashine kubwa, anasema lipo kule. Si zima. Ni kipande."

"Haiwezekani," alisema binti. "Kile kipande nilikifuta."

Feni ilizunguka kushoto, ikarudi kulia. Nje, sindano ya fundi cherehani ilikuwa imesimama.

"Ulikifuta ukiwa upande gani?" aliuliza Inspekta.

Binti aligeukia skrini. Akautazama ule mshale wa kijani kama vile ndio uliomchongea. Kisha mabega yakashuka, na maneno yakatoka moja moja, kwa sauti ambayo Inspekta alilazimika kuinama kuisikia.

Alikuwa na haraka jioni ile. Faili lilikatika katikati. Akapiga tena, mluzi ukalia, ukanyamaza, mshale ukaja. Akaandika amri ya kufuta na jina la faili, kama anavyofanya siku zote, skrini ikajibu limefutwa. Akarudi huku kutuma upya. Mashine ikamwambia hakuna faili lenye jina hilo. Akajua. Laini ilikuwa imeanguka kimyakimya kabla hajaandika, na yeye hakuwa kule, alikuwa huku. Kazi nzima ya mjomba wake ya siku ile aliifuta kwa mkono wake, na kumbukumbu ya diski hunakiliwa Ijumaa tu.

"Nikafikiri yote yamepotea. Huku nimefuta, na kule kulikuwa na kipande tu. Hicho sikuwa nimekifuta, lakini kichwa kiliniruka, nikawa naona nimefuta vyote." Alijifuta pua kwa kiganja. "Asubuhi mjomba akaniuliza, yalikwenda? Nikamwambia yalikwenda."

Kwa hiyo ndicho ambacho Matone hakukikumbuka.

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

Jibu lilitoka mlangoni. "Kwa sababu mimi nilimfunga mdomo."

Fundi cherehani alikuwa amesimama pale, gauni la watu limeshikwa kifuani, uzi unaning'inia. Alisema bila kupandisha sauti. Binti alirudi nyumbani jioni ile akataka aende kwa mjomba wake palepale amweleze. Yeye mama yake akamkalisha chini. Akamwambia, mwezi huu ukiisha barua ya ajira ya kudumu inakuja, leo ukasema umefuta kazi ya siku nzima watakuandika nini? Yakihitajika hayo majibu watauliza, na wakiuliza mjomba wako atapima tena. Lala.

"Sikujua kuna mtoto," alisema. "Nilifikiri ni makaratasi. Majibu, majibu, ndivyo wanavyoyaita, nikafikiri ni makaratasi."

"Ijumaa mlijua," alisema Inspekta.

"Ijumaa tulijua. Binti akasema, mama, sasa? Nikamwambia sasa ndiyo usithubutu. Daktari alipomuuliza, akasema hakukuta faili." Alilivuta gauni kifuani. "Sikufikiri watamchukua kaka yangu. Wangemchukuaje, mtu ambaye hajawahi hata kugombana na kuku? Walipomchukua nikasema watamwachia kesho. Kila siku nasema kesho."

"Yeye anajua?"

"Anajua. Mtoto alimwambia yalikwenda, atakosaje kujua? Kila asubuhi najiandaa anitumie neno kupitia askari. Nasema leo ataniambia, dada, mtoe mwanao aseme. Askari ananiletea chupa, anasema, kaka yako anasema uji ulikuwa mzuri."

Hawakuwa watu wabaya. Walipendana, na kila mmoja alimfunika mwenzake, na chini ya hayo mafuniko yote mtoto wa watu akafa. Inspekta alikuwa ameingia nyumba nyingi katika kazi yake, na nyingi alizozikuta zimeungua ziliungua hivi, mama akiwa amesimama mlangoni akimwambia mwanawe nyamaza.

"Chukua kile kipande," alimwambia binti.

Binti aliamuru modemu ipige. Mluzi, mkwaruzo, kimya. Aliuliza yuko kwenye mashine gani, mashine ikajibu. Akaiandaa mashine kubwa itoe, akabonyeza vitufe viwili, akarudi huku, akaandika amri ya kuchukua na jina la faili. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, na alipomaliza aliirudia kuisoma kabla ya kuthibitisha. Namba zikapanda kwenye kona. Zilikuwa chache. Zikasimama.

"Limekuja."

"Lifungue."

Mistari ya kijani ilijaa skrini. Juu, tarehe ya Jumanne na jina la mpimaji. Kisha wagonjwa, kila mmoja na namba yake, alama zake, neno lake. Inspekta alitoa karatasi yenye namba ya mtoto kutoka kwenye jalada, lakini hakuhitaji kuisoma. Macho ya binti yalikuwa yameshafika. Matone alikuwa ameyaandika majibu ya mtoto mwanzoni kabisa, juu ya majibu ya wengine, kwa kuwa aliona ndiyo ya haraka. Alirudia kipimo, yote mawili yalikuwepo, na mbele yake aliandika maneno machache: damu yake haivumilii, dawa hii asipewe. Chini ya hapo kulikuwa na wagonjwa wengine, mmoja, wawili, kadhaa, na wa mwisho alikatika katikati ya namba.

Fundi cherehani alisogea karibu. Alijua kusoma, alisoma midomo ikitembea.

"Haya ni ya huku au ya kule?" aliuliza.

"Ya kule, mama."

"Yalikuwa kule siku zote?"

"Tangu jioni ile."

Mama alishika ukingo wa meza. Inspekta alimvutia kiti, lakini hakukaa.

Kwa upande wa jalada, kazi ilikuwa imekwisha. Matone angetoka kabla ya giza. Binti angeandika maelezo yake usiku huo, na mwendesha mashtaka angeamua ni kosa gani. Kilichobaki kilikuwa swali moja ambalo Inspekta alijua ataulizwa, na hakupenda kulijibu kwa kukisia.

"Kanuni yenu inasema nini," alimuuliza binti, "faili likikatika na ukashindwa kulituma upya?"

"Tunapiga simu ya kawaida. Kwa mtu wa zamu."

"Nataka kujua simu hiyo ingefanya nini. Piga. Usimweleze kingine, sema kile ambacho ungesema jioni ile."

Binti alitazama simu nyeusi mezani. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akazungusha namba aliyoijua kwa kichwa. Ilipokelewa mlio wa kwanza haujaisha. Sauti ya mwanamke, changamfu, na nyuma yake mashine zinavuma. Yule mzee mtunzaji alikuwa ameshatoka na zamu ya jioni ilikuwa imeingia. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wote watatu waliisikia.

"Shikamoo, mama," alisema binti. "Napiga kutoka maabara. Faili letu la Jumanne ya wiki iliyopita lilikatika njiani. Nilikosea, nikafuta la huku. Siwezi kulituma tena."

"Marahaba, mwanangu. Ya wiki iliyopita? Pole, hilo humtokea kila mtu, mimi mwenyewe nimewahi kufuta ya wodi nzima." Vitufe vililia mara chache. "Ehe, nimelipata. Limeishia katikati lakini hapa mwanzoni linasomeka vizuri kabisa. Kuna mmoja wa juu hapa, mtoto, ameandikiwa asipewe dawa. Niwapigie wodini sasa hivi?"

Binti aliishusha simu kutoka sikioni. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, gauni la mteja limemwagika mapajani. Inspekta alinyoosha mkono kuipokea simu, na yule mwanamke wa zamu akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayedhani laini imekatika.

"Haloo? Mwanangu? Niwaambie wodini?"